Nani Alijibu "Tayari"?

"Kunja goti, Afande," alisema Muhannad.

Inspekta Demetria alimtazama. Tangu aingie kazi ya upelelezi hajawahi kuamriwa na mtuhumiwa wa mauaji akunje goti, na hakuona sababu ya kuanza leo. Lakini kijana aliyekaa mbele yake hakuwa na chembe ya utani. Alikuwa daktari msaidizi wa upasuaji wa mifupa, anashikiliwa kwa tuhuma ya kumuua binamu yake, na macho yake yalikuwa mekundu kama yaliyooshwa kwa maji ya pilipili. Demetria akavuta kiti nyuma, akakunja goti.

"Sasa pitisha vidole kwa nyuma. Hapo katikati, kwenye bonde. Bonyeza kwa nguvu kidogo."

Alibonyeza. Mwanzoni hakupata kitu zaidi ya unyevu wa jasho kwenye suruali. Kisha akakisikia, ndani kabisa, kikigonga taratibu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Huo ndio mshipa unaolisha mguu wako wote kuanzia goti kushuka," Muhannad alisema. "Umelala nyuma ya mfupa, karibu mno. Kunyoosha matege ni kukata mfupa hapo chini ya goti kwa msumeno wa umeme, halafu kuupanga upya. Msumeno unatokea mbele, ncha inaelekea nyuma. Mfupa ukiisha, kinachofuata ni huo."

Demetria aliondoa vidole haraka kuliko alivyotaka aonekane.

"Ndiyo maana tunakunja goti, ili mishipa irudi nyuma kidogo. Lakini haiendi mbali. Kwa hiyo tunapitisha bapa la chuma, limepinda kidogo kama mwiko, linakaa kati ya mfupa na mishipa. Msumeno ukipitiliza, unagonga chuma."

"Na siku ya Salsabil hilo bapa halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Na kuliweka ilikuwa kazi yako."

"Yangu," alisema, akainamisha kichwa.

Ukiisikia habari yake kwa mara ya kwanza, unaona kitanzi kinajisuka chenyewe. Salsabil alikuwa msichana wa Mwananyamala, binti wa mzee Awadh mwenye duka la vitambaa. Alikuwa na matege tangu utotoni, na alitaka yanyooshwe kabla ya harusi. Aliingia kwenye chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Kilimaheri, kule Madale, akiwa anataniana na manesi. Akatolewa anakimbizwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa hospitali kubwa, na hakufika. Daktari aliyechunguza maiti alisema mshipa mkuu nyuma ya goti ulikatwa na msumeno. Mzee Awadh hakuhitaji kuambiwa zaidi. Muhannad, mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa amepeleka posa kwa Salsabil akakataliwa. Sasa binti anaolewa na mwingine, na mtu aliyepewa chuma cha kumkinga ni yuleyule aliyekataliwa. Kesho asubuhi kijana angepandishwa kizimbani kusomewa shitaka la mauaji, na mauaji hayana dhamana.

Kila mtu kituoni aliona kazi imekwisha. Demetria naye alikuwa ameona hivyo mpaka jana mchana, alipokwenda Kilimaheri na kumkuta wodini msichana mwingine, Lulu, mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Lulu alikuwa na matege yaleyale, na angepasuliwa leo asubuhi na daktari yuleyule, Erasmus. Alikuwa ameshika kalamu, fomu ya kukubali kupasuliwa iko magotini, mkono hautaki kwenda.

"Afande, samahani. Yule aliyemfanyia vile mwenzangu, si mmeshamkamata?"

"Tumemkamata," Demetria alimjibu.

"Haya, basi mie siogopi." Akasaini.

Demetria aliondoka pale na hofu ambayo haikumwacha mpaka asubuhi. Kama Muhannad aliacha mshipa bila kinga kwa makusudi, basi hatari imefungiwa mahabusu na Lulu yuko salama. Kama siye, basi hatari bado iko kulekule kwenye chumba cha upasuaji, imevaa joho la kijani na barakoa, na yeye amemwambia mtoto wa watu asiogope. Alimpigia mkuu wake kuomba upasuaji usimamishwe. Akajibiwa kwamba polisi hawaendeshi hospitali, kama ana ushahidi mpya aulete. Ndio huo alioujia.

"Daktari Erasmus anasema alikuuliza," alisema. "Anasema, namnukuu, 'Niliuliza iwapo kifaa cha kukinga mishipa kimeshawekwa, nikajibiwa na msaidizi wangu kuwa kimeshawekwa.'"

"Sikujibu mie."

"Umesema hivyo tangu siku ya kwanza. Sasa achana na Kiswahili cha maelezo ya polisi." Maelezo ya polisi yana ugonjwa wake. Mtu anaongea kama mtu, anayeandika anaandika kama mahakama, na mwisho hakuna anayejua mdomo ulitamka nini. "Nataka maneno yenyewe. Erasmus alitamka nini?"

Muhannad alifumba macho. "Alisema, 'Kinga?' Ndivyo tunavyoliita lile bapa. Akajibiwa, 'Tayari.'"

"Na nani?"

"Sijui. Ilikuwa sauti ya kiume. Mle thieta wote tuna barakoa, Afande, huoni mdomo wa mtu. Mie nilikuwa nimeinama upande wa miguu, naweka sawa unyayo chini ya shuka. Niliposikia 'tayari' nikajua daktari mwenyewe kaliweka kwa upande wake. Huwa anafanya hivyo siku nyingine. Ndipo msumeno ukaanza."

"Hukuona damu?"

"Hakuna aliyeona damu. Paja tunalifunga mkanda, tunajaza upepo, damu haishuki. Unafanya kazi kwenye mguu mkavu kabisa. Unakata mshipa hujui, unaendelea, unafunga vyuma, unashona. Mpaka mkanda ufunguliwe." Akajifuta macho. "Mkanda ulipofunguliwa ndipo nikaliona bapa. Liko kwenye sinia, kavu, halijaguswa. Nikamwita jina. Nimemlea yule, Afande. Nimemfundisha kuendesha baiskeli na hayo matege yake."

Demetria aliinuka. Ukimtoa nesi mmoja wa kike, wanaume waliokuwa mle ndani siku ile walikuwa watatu tu. Wa kwanza ni Erasmus aliyeuliza, wa pili Muhannad anayekana, wa tatu Gozbert, mtu wa usingizi anayewalaza wagonjwa kwa dawa, mgeni kutoka Bukoba. Jana alimhoji Gozbert, akamuuliza kama alijibu swali la kifaa cha kukinga mishipa. Gozbert alishangaa waziwazi. "Hapana, Afande. Vyuma si kazi yangu." Demetria alimwamini, na bado alikuwa anamwamini. Kwa hiyo ama Muhannad anadanganya, ama Erasmus siku ile hakuuliza kabisa, sasa anamtupia kijana mzigo, na kijana, kwa kulizoea swali, anadhani alilisikia.

Nje, kwenye benchi la kituo, alikuwepo mzee Awadh. Alikuwa amenyooka ndani ya kanzu yake, tasbihi mkononi, wala haizungushi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuuliza kesho mahakamani ni saa ngapi."

"Mzee, bado kuna vitu naviangalia."

"Viangalie." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Demetria. "Mwanangu kapasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya miguu, mara ya pili kwa ajili yenu, mpate kujua kauawa na nini. Nikakubali, japo mama yake alilia nisikubali. Ndugu yangu, baba wa huyo muuaji, alikuja kuzika. Nikamfungia mlango. Kasimama barabarani na mvua yote ile, jeneza likapita mbele yake, sikumruhusu hata kugusa. Kaka yangu mkubwa, mama. Aliyenilipia ada. Kwa hiyo viangalie unavyoviangalia, lakini usije ukaniambia nilikosea."

Demetria alichana karatasi kwenye daftari, akamwandikia saa ya mahakama.

"Daktari Erasmus alikuja kutoa pole," mzee aliongeza. "Alilia mbele yangu. Yule ndiye mtu."

Gari lilipita Tegeta, likaacha lami na kuanza kupanda vilima vya Madale. Demetria alikuwa anakwenda kwa Godlisten, mtu wa usingizi wa zamani pale Kilimaheri, ambaye Gozbert anamshikia nafasi. Godlisten alianguka na bodaboda akavunjika mkono, na alikuwa amekaa nyumbani anapona. Kama yuko mtu anayejua Erasmus ana desturi ya kuuliza au hana, na asiye na woga wa kufukuzwa kesho, ni yeye.

Alimkuta barazani, plasta imefika juu ya kiwiko, anamenya chungwa kwa mkono mmoja na kuliumiza zaidi kuliko kulimenya.

"Karibu, dada. Mie niko likizo ya lazima, kama unavyoona."

"Pole sana. Nina swali moja tu, kaka. Erasmus akiwa anataka kuanza msumeno, anauliza lile bapa au haulizi?"

"Anauliza! Hajawahi kuacha." Godlisten alijibu bila kufikiri, na Demetria akasikia nadharia yake moja inakufa. "Neno moja tu. 'Kinga?' Ukimwambia 'tayari', hapohapo msumeno unalia. Hainui hata macho. Anaiamini timu yake yule, ndiyo sifa yake."

"Wewe uliwahi kumjibu?"

"Mie nijibu nini? Mtu wa usingizi anakaa kichwani kwa mgonjwa, mbele yake kuna pazia. Goti lenyewe silioni. Kinga hainihusu." Akacheka, chungwa likamponyoka. "Ila huyo mwenzangu Gozbert alinivunja mbavu siku namkabidhi kazi. Ananiuliza, 'Kaka, huku kinga mnampa mgonjwa muda gani kabla ya kisu?' Nikacheka mpaka basi. Nampa! Utadhani uji."

"Alikuwa anasema kinga gani?"

"Dawa. Si ile sindano ya kuzuia kidonda kisioze? Hospitali alikotoka wanaiita kinga. Sie hapa tunasema antibiotiki tu."

Demetria hakucheka. "Hiyo sindano huwa anaichoma nani?"

"Sie wenyewe watu wa usingizi. Kabla daktari hajapasua lazima uwe umesha..."

Aliishia hapo. Demetria aliona kicheko kinaondoka usoni mwa Godlisten kidogokidogo, kwanza machoni, halafu mdomoni.

"Godlisten, nisikilize. Mtu wa usingizi ambaye kwake kinga ni dawa, na dawa ameshaichoma. Yuko nyuma ya pazia, goti halioni. Anasikia daktari anauliza, 'Kinga?' Atajibu nini?"

"Yesu wangu."

"Atajibu nini?"

"Atajibu 'tayari'."

"Na akija polisi akamuuliza kama alijibu swali la kifaa cha kukinga mishipa?"

"Atasema hapana. Na hadanganyi." Godlisten alikuwa amesimama, ameukumbatia mkono wake wenye plasta. "Hadanganyi, dada. Hajui. Mpaka leo hajui."

"Ulipomaliza kucheka siku ile, ulimweleza kwamba Kilimaheri kinga ni chuma?"

Godlisten alitazama chungwa lililoanguka. "Tulikuwa tunacheka. Nilimwambia, 'Utazoea.'"

Demetria akatoa funguo za gari. Salsabil hakuuawa na mtu aliyemchukia. Aliuawa na neno moja lenye maana mbili, watu wanne wenye akili timamu wamelisikia, na kila mmoja akaridhika. Na watu hao, kasoro Muhannad, walikuwa bado pamoja, na neno lile walikuwa bado wanalo.

"Leo thieta yuko nani kwenye usingizi?"

"Gozbert. Mie si ndiyo hivi unavyoniona?"

Alipiga simu ya Erasmus akiwa anakimbilia gari. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga mapokezi ya Kilimaheri, akapokelewa na dada mwenye sauti ya kuimba.

"Naitwa Inspekta Demetria, polisi. Yule mgonjwa Lulu ameshaingia kupasuliwa?"

"Ameingia kitambo, mama."

"Nenda kawaambie wasitishe. Sasa hivi. Waambie wasiguse msumeno."

"Mama, thieta haingiliki. Labda nikuunganishe na uongozi."

"Dada, nakuomba..."

Muziki wa kusubiri ukaanza. Demetria akaitupa simu kwenye kiti na kukanyaga mafuta.

Barabara ile ilikuwa imechimbwa na mvua, na gari lilikuwa linapiga tumbo kwenye kila korongo. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Aliogopa kuliko siku alipofukuzana na majambazi wenye bunduki kwenye vichaka vya Kigamboni, kwa sababu wale alikuwa anawaona. Huku hakuna mbaya wa kumnyooshea bastola. Kuna daktari mzuri, kuna mtu mzuri wa usingizi, na msichana amelala kati yao, goti limekunjwa, mkanda umekaza paja. Msumeno unaweza kuwa umeshapita saa hii. Wanaweza kuwa wanashona huku wanapongezana, mguu mkavu, safi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba Lulu ameshakufa ila bado hawajafungua mkanda.

Alipita mapokezi bila salamu. Mlinzi akaita, hakugeuka. Kwenye korido ya mwisho kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na mhudumu mmoja akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, viatu! Mama, huwezi kuingia hivyo!"

"Msumeno umeanza?"

"Ndo wanataka kuanza, lakini viatu..."

Demetria aliuvuka mstari na viatu vyake vya kituoni na matope ya Madale. Mkono wake ulikuwa umeshagusa mlango, mdomo umeshafunguka kupiga kelele, aliposikia sauti ya Erasmus kutoka ndani. Ilikuwa tulivu.

"Bapa la nyuma ya mfupa. Nani ameliweka?"

"Mimi, daktari," ilijibu sauti ya kike. Alikuwa Sista Eliaichi, nesi wa chumba cha upasuaji.

"Sogeza taa. Nataka nilione kwa macho yangu." Taa ikalia ikisogezwa. "Haya, nimeliona. Limegusa mfupa. Usiliachie hata ukishikwa na chafya." Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu anayesema jambo la kawaida: "Gozbert, hapa sikuulizi wewe."

"Sawa, daktari."

Demetria alibaki na mkono mlangoni. Msumeno ukalia. Alitakiwa ashukuru, na sehemu moja yake ilishukuru, akaegemea ukuta. Lakini sehemu nyingine, ile inayolipwa na serikali, ilikuwa imesimama wima. Mtu anayeamini kwamba Muhannad alimjibu uongo hana sababu ya kumnyamazisha Gozbert. Hana sababu ya kuliacha neno alilolitumia maisha yake yote ya kazi. Erasmus alijua nani alijibu. Alijua na kwa nini alijibu. Na Muhannad alikuwa mahabusu, na kesho anasomewa mauaji.

Hakuingia. Alisimama pale mpaka msumeno ulipozima, na bado hakuweza kutulia, kwa sababu ya mkanda. Alisubiri zamu ya nyundo, akasubiri zamu ya vyuma kufungwa. Mwisho akamsikia Erasmus akisema, "Fungueni mkanda." Demetria akasogeza sikio mlangoni.

"Sista?"

"Natafuta mapigo, daktari. Juu ya unyayo." Demetria akahesabu mpaka kumi. "Subiri. Bado." Demetria akafumba macho. "Yapo! Mapigo yapo, daktari. Mguu unapata joto."

Mtu mmoja ndani akacheka kwa furaha. Alikuwa Gozbert.

Erasmus alitoka kwanza, barakoa inaning'inia shingoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, na alipomwona Demetria alitabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mgeni aliyekuja siku njema.

"Inspekta! Mgonjwa wetu salama kabisa."

"Nimesikia. Nimesikia pia ulipomwambia Gozbert kwamba humuulizi yeye."

Tabasamu halikuondoka, ila lilikosa mwenyewe.

"Umejua lini?" Demetria aliuliza.

Erasmus alitazama nyuma, mlango umefungika. Akasema kwa sauti ndogo, "Ijumaa. Tulikuwa na mgonjwa mwingine, mzee wa Bunju. Nikauliza kinga, nikajibiwa 'tayari', na safari hii macho yangu yakaangukia kwenye sinia. Bapa liko palepale. Nilikaribia kuanguka. Nikamuuliza Gozbert tayari nini, akasema, 'Dawa, daktari, nilishachoma.' Basi nikaelewa yote."

"Ukamwambia nani?"

"Nilibadilisha utaratibu siku ileile. Tangu hapo hakuna mguu unaoguswa kabla sijaona mwenyewe. Huyu binti amepona kwa sababu hiyo, Inspekta."

"Nimekuuliza ulimwambia nani."

"Sikumwambia mtu." Alijipangusa uso kwa kofia ya upasuaji. "Ningesema nini? Kwamba niliuliza neno moja, sikuinua macho, nikakata? Kazi ya Muhannad ilikuwa kuweka. Kazi ya kuhakikisha ilikuwa yangu. Nilidhani mahakama itaona kijana hana kosa, itamwachia yenyewe."

"Mauaji hayana dhamana, daktari. Unajua watu wanakaa rumande muda gani wakisubiri mahakama ione?"

Alijua. Ilionekana wazi kwamba alijua, na kwamba alikuwa ameshalipigia hesabu hilo usiku mwingi akiwa peke yake. Mlango ukafunguka, Gozbert akatoka, mtu mfupi mchangamfu, akamsalimu Demetria kwa mikono miwili na kusema kwamba leo Mungu amewaona. Demetria alimwangalia usoni, akashindwa kumwambia. Alimwambia tu asiondoke mpaka atakapomwita.

"Vua hayo majoho," akamwambia Erasmus. "Utaandika maelezo mapya, kwa maneno yako mwenyewe. Lakini kwanza tunakwenda Mwananyamala."

Rangi ilimtoka daktari. "Nipeleke kituoni. Nifunge pingu hapahapa, wafanyakazi wangu wanione. Kwa mzee Awadh hapana. Nakuomba, mama."

"Ulikwenda kumlilia ukiwa hujui. Sasa nenda ukiwa unajua."

Njia nzima Erasmus aliitazama mikono yake iliyokuwa mapajani.

Mzee Awadh alikuwa amesharudi dukani. Alipomwona Erasmus anashuka garini alisimama, akasogeza mwenyewe marobota ya vitambaa ili apate pa kupita, akamwekea kiti chake. Akaita kuelekea uani, kwa mkewe, "Wahiba! Tuletee kahawa, daktari wa mwanetu amekuja!"

"Mzee, nisikalie kiti chako," Erasmus alisema.

"Kaa, kaa. Wewe ndiye uliyehangaika naye."

Erasmus hakukaa. Demetria alisogea pembeni, akampisha. Cherehani ya fundi wa jirani ilikuwa inalia. Kisha daktari akasema yote, amesimama, akilitaja neno na maana zake mbili. Akasema kwamba aliuliza na hakuangalia, na kwamba tangu Ijumaa alijua Muhannad hana kosa.

Wahiba alikuwa ameshafika mlangoni na sinia la kahawa, na alisikia kila kitu. Demetria alijiandaa kuingia kati, akitarajia mzee atamrukia daktari. Mzee hakumrukia. Hata hakumwangalia. Alikuwa anapapasa mifuko ya kanzu, upande huu, upande ule.

"Wahiba," alisema, "simu yangu iko wapi? Nimpigie kaka."

Mkewe akaweka sinia chini, akaiokota simu iliyokuwa mezani mbele yake, akalitafuta jina, akampa ikiwa tayari inaita. Mzee Awadh akaipeleka sikioni. Kutoka upande wa pili sauti ya mwanamume mzee ikasikika, "Awadh? Awadh, ni wewe?"

Mzee alifungua mdomo. Akamtazama mkewe, akaziba simu kwa kiganja.

"Nimwambie nini?" akauliza.